Hakuna Aliyemwambia

...na bado anasema, meneja huyu, kidole kinagonga meza, "Mara ya pili hii, dada, mara ya pili!", na yeye mwandishi wa maelezo anaitikia kwa kichwa, ndiyo bosi, ndiyo, huku moyoni anasema mbona niliandika vizuri, kila zana ya mfumo nimeiandikia maelezo yake, hii ya kutafuta mteja, hii ya kufuatilia magari, hii ya kupanga safari, hii ya kufuta safari, ili msaidizi wa akili bandia akiingia kwenye mfumo wa kampuni hii ya kusafirisha mizigo asome, achague, afanye, sasa kosa liko wapi jamani... jana mteja kaandika hataki tena mzigo, msaidizi akafuta safari chap, kumbe gari liko barabarani limejaa magodoro, dereva akapigiwa simu ageuze, kufika getini hapa mlinzi anatazama kompyuta yake, hafungui, "Safari yako haipo", "Mimi nipo, gari lipo, magodoro yapo, safari haipo vipi?", "Haipo, ndugu yangu", na mvua nayo hiyo, turubai limechanika, magodoro yakanywa maji hadi yakashiba, lo, asicheke, asicheke hapa, meneja atammeza mzima mzima, "...huyo msaidizi wako tunamzima leo hii, na wewe unarudi mapokezi", mapokezi! kule kwa kusema kutwa karibu, subiri kidogo, hayupo, hapana, hapana kabisa, kazi hii kaiomba mwenyewe, kajifunza mwenyewe, mumewe anamtania kwamba siku hizi unaandikia mashine barua za mapenzi, na aandike tu, hajawahi kuipenda kazi namna hii... simu inalia, meneja anaipokea, "Halo? Kufuta? Subiri kidogo, mama", anainuka, anatoa kichwa dirishani, anapaza sauti uani, "Wee! Gari la vitanda limetoka?", "Bado!", "Haya, nimekufutia, mama, usijali", anaketi, "Nilikuwa nasemaje? Eeh, hiyo akili yako bandia haina akili"... ngoja. Ngoja, ngoja, ngoja. Kafanya nini huyu? Kila mtu hapa hutoa kichwa dirishani, mhasibu, karani, hata yeye mwenyewe alipokuwa mapokezi, hakuna anayefuta safari kabla ya kuuliza uani, na hakuna aliyewahi kuliandika hilo popote, nani aandike kitu kinachojulikana na kila mtu, na msaidizi hana kichwa cha kutoa dirishani! Na yeye aliandika nini? Hufuta safari. Basi. Maneno mawili, akayaona mafupi na mazuri, akajipongeza, masikini weee... ndivyo alivyofanyiwa yeye mwenyewe ukweni, bibi harusi mgeni, baba mkwe anakoroma na redio inaongea peke yake, akaizima kwa adabu zake zote, nyumba ikawaka moto, "Kila mtu anajua redio ya baba haizimwi!", kila mtu nani, yeye kafika juzi, akalia jikoni mpaka wifi yake akaja kumkalisha, "Sikiliza, wifi, ile redio ndiyo inayomlaza, usiizime hata akikoroma, kelele zikikuzidi mwambie mama, usiiguse mwenyewe", na hakukosea tena, wifi yule, Mungu ampe maisha marefu, alimwambia kitu ni cha nini, lini asikiguse, na akikwama amwendee nani, yote kwa pumzi moja... haya mama, andika, andika kichwani kabla hayajapotea, hufuta safari ambayo gari lake bado halijatoka, kwanza angalia gari liko wapi kwa zana ya kufuatilia magari, kama limeshatoka usifute, mjulishe karani wa uani aamue yeye, mteja mwambie asubiri jibu, hee! na ile ya kupanga safari, na ile ya kubadili anwani, zote zina mambo yake ambayo hayajaandikwa, zote! vidole vinamwasha, kibodi iko wapi, msaidizi si mjinga, ni mgeni tu, jengo zima linamtukana kwa kosa la wenyeji, na yeye mwandishi wa maelezo ndiye aliyetakiwa kuwa wifi yake, "Nasema tunamzima, na wewe unatabasamu?", kidole bado kinagonga meza, na kweli anatabasamu, mashavu yanamuuma kwa tabasamu, aanzie wapi, maneno yamejaa mdomoni yanasukumana...

"Bosi, samahani, nikuulize kitu kimoja. Siku yako ya kwanza hapa, nani alikwambia utoe kichwa dirishani?"