Chuma cha Sadallah

Tangu serikali iruhusu biashara ya watu binafsi, mashine za kukoboa mpunga zilizagaa kuanzia Bungu mpaka Umwe, na shafti zake zilichongwa Kibiti, kwa fundi Sadallah. Sasa Sadallah alikuwa kaburini. Shemeji yake Twalibu, aliyeachiwa karakana, alikwenda kwa dada yake Rukaya, mjane wa marehemu, aliyekuwa edani, kuchukua kipande cha chuma cha kusahihishia maikromita, kifaa cha kupimia unene wa shafti.

Rukaya alimtolea kikiwa ndani ya kitambaa. Kiling'aa kama sufuria ya harusini. Alikuwa amekisugua kwa mchanga na majivu!

Damu ilimpanda Twalibu kichwani. Chuma kile kikilika hata kwa unene wa unywele, kila shafti itatoka na kasoro. Akafungua kinywa amkaripie.

"Maisha yake yote hakuniruhusu kukigusa," Rukaya alisema taratibu. "Yeye wamemwosha wanaume. Mimi nimeosha hiki."

Twalibu akameza maneno yake. "Kimetakata, dada."

Akaenda kuifunga karakana mpaka apate chuma kingine Dar es Salaam. Wateja walipomuuliza kimeharibika nini, aliwajibu, "Hakijaharibika kitu. Bado tuko msibani."