Jogoo wa Coral na Noti za Bi Brandreth

Tangu serikali ilete kadi ya malipo Kurrabine, mji mdogo wa wafuga kondoo, hapakuwa na mtu aliyependwa mjini kama Bi Ivy Brandreth, na hapakuwa na mtu aliyestahili kupendwa kidogo kama yeye.

Kabla ya kadi, watu wakimwona anakuja walivuka barabara, hata wenye magongo. Alishamshitaki kila jirani kwa halmashauri. Mti wa huyu unamwaga majani, redio ya yule ina mdomo, mbwa wa mchungaji anamtazama vibaya. Kisha wakubwa wa mji mkuu wakaamua kwamba watu wa Kurrabine wanaoishi kwa malipo ya serikali hawajui kutumia pesa, wakawatilia sehemu kubwa ya malipo kwenye kadi isiyotoa noti. Kadi hiyo hainunui pombe, haichezi kamari. Sawa. Lakini vilevile hainunui friji la mtumba, wala ndimu za jirani, wala soseji kwenye mkate pale uwanja wa mpira, na hilo wakubwa hawakulifikiria, maana wao soseji zao huletwa kwenye sahani.

Wazee wa pensheni waliachwa nje ya mpango. Pesa yao waliipata yote, mkononi. Bi Brandreth alikuwa na miaka themanini na kitu, mkoba mweusi, na ndani ya mkoba, noti.

Basi kila Alhamisi alipoingia supamaketi watu walipigana vikumbo kusukuma toroli lake. Unamlipia vitu kwa kadi yako, yeye anakupa keshi. Keith Hollis, dume zima, mkata manyoya ya kondoo mwenye mikono kama magogo, alimshikia mwavuli siku ya jua kali.

"Bi Brandreth, leo umependeza!"

"Bi Brandreth, hiyo sweta umefuma mwenyewe? Lo, vidole vya dhahabu!"

Aliyekataa mchezo huo ni mmoja tu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Coral Tidswell. Coral alikuwa ametandika vitanda vya hoteli ya wasafiri miaka mingi mpaka mgongo ukagoma, na sasa alikuwa kwenye kadi kama wenzake. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, alikuwa na jogoo. Mweupe pe, kilemba chekundu, alitembea polepole akigeuza shingo huku na huku kama anayebariki waumini, kwa hiyo aliitwa Askofu. Mwaka uliopita kwenye maonyesho ya wilaya alishinda utepe wa buluu wa mshindi wa kwanza, na maonyesho ya mwaka huu yalikuwa yanakaribia. Coral alikuwa akimwogesha kwa shampuu bora kuliko yake.

Ila Askofu alikuwa anawika alfajiri, na Bi Brandreth alikuwa na kalamu.

Siku Darryl Oxley, askari wa halmashauri, alipokuja na kitundu, hakuweza kumtazama Coral usoni. "Kuna lalamiko, dada Coral. Ukilipa faini utamchukua."

Coral akaenda kulipa. Mashine ikakataa kadi. Akajaribu tena, ikakataa tena. Darryl akajikuna kisogo. "Malipo yetu yanapitia akaunti moja na ukumbi wa mji, na ukumbi una baa. Kwa hiyo mashine inaona unanunua pombe."

"Nanunua jogoo wangu mwenyewe!"

"Mashine haimjui jogoo, dada."

"Keshi basi?"

"Keshi inapokelewa."

Keshi yake kidogo ya mwezi ilishaisha kwenye kuni. Muda wa faini ukapita, na Darryl akaja kumwambia kwamba Jumamosi Askofu atapigwa mnada uwanja wa maonyesho pamoja na kuku wengine. Na wote walijua nani hununua majogoo pale: Merv Pascoe, anayepika supu ya klabu.

Coral alilia jikoni kwa rafiki yake Noelene Coulthard, wa kabila la wenyeji wa asili wa nchi ile, aliyeitwa shangazi na nusu ya mji, damu na wasio damu. Noelene akammiminia chai.

"Shoga, nenda kwa yule bibi."

"Bora nife."

"Ufe wewe, au afe Askofu?"

Coral akapenga kwa kitambaa.

"Na usilie kama wewe ndiye wa kwanza duniani," Noelene akasema, akisukuma sukari. "Bibi yangu alipangwa foleni na wazungu akapimiwa unga, chai na sukari, akaambiwa hivi ndivyo utakavyokula. Ninyi mmepewa plastiki yenye namba. Karibuni kwenye foleni, tumewasubiri sana. Kunywa chai."

Alhamisi Coral akaingia supamaketi. Duka zima likanyamaza, hata majokofu yalionekana kupunguza mngurumo. Bi Brandreth alikuwa kwenye safu ya biskuti, Keith akisukuma toroli.

"Kumbe njia unaijua," bibi akasema bila kugeuka.

"Naomba kukulipia leo."

"Keith, mpishe."

Keith akapisha, amenuna kama mtoto aliyenyang'anywa mpira. Na Bi Brandreth akaanza kununua. Samaki wa mkebe, wale wa bei. Chokoleti. Jibini lenye ukungu, ambalo hakuna mtu Kurrabine aliyewahi kulila kwa hiari. Pudingi ya Krismasi, mwezi wa Agosti. Coral alisukuma huku mgongo ukimlilia, akijiambia kila hatua: Askofu, Askofu, Askofu.

Kwenye kaunta, Tahlia, keshia mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akapitisha vitu vyote, kisha mashine ikatoa mlio.

"Meneja! Kadi ya Coral imekataa pudingi!"

Foleni nzima ikarefusha shingo.

"Ina brandi ndani!" Tahlia akatangaza. "Coral haruhusiwi brandi!"

"Hata kama imo kwenye keki?" mtu akauliza huko nyuma.

"Hata kama inanukia tu!"

Uso wa Coral ukawaka. Bi Brandreth alikuwa akimwangalia kwa makini sana, kidevu juu, kama mtu anayengoja basi. Coral alijua neno moja tu la kumfaa bibi yule, tena fupi. Akalimeza. Akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

"Bi Brandreth mpenzi, nikuchagulie pudingi nyingine?"

Kitu kikazima kwenye uso wa yule bibi.

"Hata wewe," akasema. Akahesabu dola themanini, akazitupa kwenye kaunta, akaondoka bila pudingi.

Jumamosi uwanja wa maonyesho ulijaa. Wenye kuku walikuja kwa ajili ya kuku, waliobaki walikuja kwa ajili ya Coral. Dalali akapandisha kitundu mezani, na Askofu, mshamba asiyejua kwamba anauzwa, akabariki umati.

"Thelathini!" Merv akaanza.

"Arobaini," Coral akasema.

"Hamsini. Ana mapaja huyu."

"Sabini!"

Merv akatazama mapaja, akatazama Coral, akafikiria karoti za kununua. Akatikisa kichwa.

"Sabini, mara ya kwanza," dalali akaimba. "Sabini, mara ya pili..."

"Mia."

Vichwa vyote vikageuka. Bi Brandreth alikuwa amesimama karibu na geti, mkoba mkononi. Coral akafungua ngumi yake, themanini zilikuwa pale pale, hazikuzaa. Nyundo ikagonga.

Hapo ndipo hasira ya mwaka mzima ilipomtoka Coral.

"Wewe bibi! We kizee mkavu kama biskuti iliyosahaulika! Umeniburuza duka zima na mgongo huu, nimekununulia jibini la maiti, kumbe unajiwekea noti zako uje unimalize hapa? Umeshitaki miti, umeshitaki mbwa wa mchungaji! Siku utakayokufa utashitaki jeneza kwa kubana! Na hiyo sweta, nani kakudanganya? Inafanana na kitambaa cha kupangusia jiko!"

Keith alikuwa ameziba mdomo kwa kofia. Noti za Alhamisi kumi zijazo zilikuwa zinapaa mbele ya macho ya watu.

Bi Brandreth alikuwa amesimama wima, macho yanang'aa, mashavu yamepata rangi.

"Endelea," akasema.

"Niendelee na nini?"

"Na sweta. Mwaka mzima naambiwa nimependeza. Nyumbani nina kioo, Coral. Natukanwa na kioo tu. Nilidhani wewe umebaki wa kuniambia kweli, Alhamisi ukaniita mpenzi, nikalala vibaya."

Darryl akakohoa.

"Dada Coral, hata ungemnunua wewe, Jumatatu ningerudi na kitundu. Lalamiko bado liko wazi."

"Alifute basi!"

"Brandreth hafuti neno," Bi Brandreth akasema.

"Lakini jogoo akikaa kwake Bi Brandreth," Darryl akaendelea taratibu, kama anayevuka mto kwa mawe, "mlalamikaji ni yeye, mwenye jogoo ni yeye. Nani atamshitaki nani?"

"Mimi nilitaka supu tu," bibi akasema haraka.

"Supu gani, Bi Brandreth?" Keith akaropoka. "Si jana umenilipa nikupigilie kibanda? Ukaniambia nikipake rangi nyeupe, isigongane na manyoya yake?"

Cheko lililopigwa pale lilimtisha Askofu, akawika saa sita mchana. Noelene alicheka mpaka akashikilia kitundu. Bi Brandreth akamtazama Keith kwa jicho la kumwambia kwamba toroli hatalishika tena, kisha akamgeukia Coral.

"Kumwogesha sitamwogesha. Hiyo kazi utaruka ukuta uje uifanye mwenyewe. Na kwenye maonyesho jina litakuwa langu."

"Utepe ukaninginie kwako?"

"Mwenye risiti nani?"

Coral akatukana tena, neno lile fupi la Alhamisi. Bi Brandreth akalipokea kama mtu aliyepewa chai.

Coral akabaki pale na dola themanini taslimu, karibu na banda la soseji lisilopokea kadi. Alihisi mtu begani.

"Coral," Keith akasema kwa sauti laini, "hizo nywele umezitengeneza?"

"Shangazi Coral, umepungua!" akapiga kelele mwingine.

"Nyamazeni, wanafiki," Coral akasema. "Pangeni foleni." Akawanunulia soseji kwenye mkate, za vitunguu na zisizo na vitunguu, mpaka noti zikaisha na urembo wake nao ukaisha. Ya kwanza alimpelekea Noelene, ya mwisho Bi Brandreth, aliyelalamika kwamba imeungua.

Alfajiri ya Jumatatu Askofu akapanda juu ya kibanda cheupe, akavuta pumzi, akawika kwa nguvu zote za mapumziko yake. Dirisha la Bi Brandreth likafunguka kwa kishindo.

"Coral! Coral Tidswell! Njoo umnyamazishe jogoo wako!"

Upande wa pili wa ukuta Coral akajivutia blanketi mpaka kidevuni.

"Wako huyo!" akajibu. "Nenda halmashauri!"