Ubeti wa Mwisho

Kila Jumamosi, katika chuo cha ualimu nje ya Nakuru, Muhidin alipiga santuri za ujana wa babake. Redio ya chuo ilikuwa waya mmoja tu hadi spika ya bwaloni, na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono ilimtia hasira: springi yake ikichoka, ubeti wa mwisho haukukosa kulegea kama mlevi.

Siku ilipoletwa gramafoni ya umeme, akatangaza kwa madaha, "Leo hakuna kuchoka!"

Kweli, ubeti ukapita mbio. Kupitia dirisha lililoelekea bwaloni akawaona Naftaly mpishi na mkewe Wanjugu, waliozoea kukumbatiana wimbo ukilegea, wamesimama wakiitazama spika.

Muhidin akasonya. Akaurudia wimbo, na ubeti wa mwisho ulipofika, akaigusa santuri kwa kidole, taratibu, hadi wimbo ukalegea.