Ala ya Nyuzi Kumi

Alhamisi, tarehe 13 Oktoba 1994, saa moja na dakika kumi asubuhi, uzi wa tatu wa ubao ulikatika. Bernadetha alitazama saa, akaandika kwenye daftari, "Wa tatu, umekatika," kisha akang'oa kipande kilichobaki kwenye msumari kwa koleo.

Ubao ulikuwa wa mgrivea, futi tatu, aliouranda mwenyewe nyuma ya zizi hapo kwao Kibosho. Juu yake alikuwa ametandika nyaya kumi alizozichambua kutoka kwenye waya wa breki wa baiskeli, na chini ya nyaya akachora mistari ya freti, mahali pa kubania uzi, kwa penseli, kwa vipimo vya karatasi iliyotoka Amerika. Haukutoa muziki wa maana. Ulikuwa wa kupimia vidole.

Mama yake, Mektrida, alitoka jikoni na bakuli la mtori wa ndizi, akaliweka juu ya daftari.

"Kula kwanza. Huo ubao hauna miguu, utaukuta."

"Fomu ndiyo inayokwenda, mama. Leo saa kumi na mbili."

"Tangu Jumapili unasema leo."

"Hii ya leo ndiyo yenyewe."

Alikula akiwa amesimama. Misimu miwili nyuma mashine ya kumenyea kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono, ilikuwa imemkata kidole gumba cha kulia na kukiacha cha shahada kikiwa kigumu kwenye kiungo cha kati. Kabla ya hapo alipiga gitaa la solo katika Mfongo Jazz kwa miaka kumi na mmoja. Asiye na gumba hashiki kipande cha kukwaruzia nyuzi, na alikuwa amejaribu kila njia ya kukishika.

Habari za ala ya namna nyingine zililetwa na Jaimin, aliyewahi kupiga ridhimu katika bendi hiyohiyo kabla ya kuhamia California. Ala haikuwa na jina la Kiswahili. Pichani ilionekana kama shingo ya gitaa iliyonyimwa mwili, pana kama kiganja, imening'inizwa kifuani karibu wima. Haikwaruzwi wala haidonolewi. Vidole vya mikono yote miwili hugonga uzi juu ya freti, nao ukalia papo hapo. Mkono mmoja unapiga besi, mwingine unapiga solo, na mtu mmoja anafanya kazi ya wawili. Gumba halina kazi. Jaimin aliahidi kumpa kama zawadi, lakini karakana ilitengeneza kwa oda, na oda zilikuwa zinafungwa siku hiyo. Angeipitia karakana kulipia saa mbili asubuhi ya kwao, ambayo Moshi ni saa kumi na mbili jioni, na fomu iwe imeshafika huko kwa faksi. Aliyechelewa angengoja mwaka.

Bernadetha hakuwa na mwaka. Aristides, kiongozi wa bendi, alisema nafasi yake ingemngoja hadi Krismasi, basi. Karakana ilihitaji wiki nane.

Fomu ilikuwa na visanduku vitatu. Cha kwanza kiliuliza nyuzi kumi au kumi na mbili. Aliandika kumi, kwa sababu kwenye vipimo vya kumi na mbili kidole chake kigumu kiligusa nyuzi mbili kwa pamoja. Cha pili kiliuliza mpangilio. Kwa kawaida solo hupigwa na mkono wa kulia na besi na wa kushoto. Alikuwa ameupima kila mkono kwa kugonga mara arobaini: solo kwa kulia, makosa kumi na saba, solo kwa kushoto, makosa manne. Akaomba mpangilio ugeuzwe. Cha tatu kilitaka sauti ya kila uzi, na hicho alikijaza kwa kusikiliza gitaa lake, ambalo Aristides mwenyewe alilikaza Jumapili lilingane na bendi.

Saa tisa alasiri alikuwa Moshi mjini, dukani kwa Navneet, kaka yake Jaimin, mwenye mashine ya faksi. Tangu serikali ilipofungulia bidhaa za nje rafu zake zilijaa redio, vinanda vya umeme na nyuzi za gitaa za kila unene.

"Karibu dada Bena. Umeleta na gitaa, unataka kuniimbia?"

"Nimekuja kuhakikisha kabla ya kutuma."

"Basi subiri uone kitu." Akatoa kijisanduku cheusi chenye sindano. "Hiki hakibembelezwi. Piga uzi, kinakuambia sauti."

Bernadetha alipiga uzi mnene, ule wanaouita E. Sindano ilitikisika, ikatulia. Navneet aliinama, akakigeuza kijisanduku, akakigeuza tena.

"Hii ni D. Tena imelala kidogo."

"Kimeharibika."

"Kimetoka kwenye boksi leo."

Navneet alivuta kinanda kutoka rafuni, akabonyeza E. Sauti mbili zilisimama mbali, toni nzima. Bernadetha alipiga uzi wa pili, wa tatu, hadi wa sita. Zote zilikuwa chini kwa kiasi kilekile.

Alijua ilipoanzia. Mwaka 1983 uzi wa gitaa haukupatikana Moshi wala Arusha, na uliokatika ulifungwa fundo. Aristides aliamuru magitaa yote yalegezwe toni nzima ili nyuzi zidumu. Yakalegezwa. Baadaye maduka yalijaa, lakini amri ya kukaza haikutolewa. Bendi haikuwa na tarumbeta wala kinanda. Kila gitaa lilisikiliza jingine, na waimbaji wakazoea.

"Utailegeza ikifika," alisema Navneet.

"Soma hapo chini."

Navneet alisoma. Unene wa nyuzi ulichaguliwa kwa sauti iliyoandikwa kwenye fomu. Zikilegezwa toni nzima zingegonga freti na kukwaruza. Za gitaa zisingefaa, na nyingine zingetoka hukohuko Amerika.

"Basi chagua moja."

Lakini alikuwa ameshatoka nje, gitaa mgongoni.

Alikwenda Shirimatunda kwa miguu, akiwapita watu bila kusalimu. Bendi ilikuwa inafanya mazoezi uani kwa Aristides. Kwenye kiti alichokuwa akikalia Bernadetha alikaa Elifuraha, kijana wa miaka ishirini na mitatu, akipiga solo.

"Shikamoo, meku," alisema, kwa neno la Kichaga la kumwita mzee.

"Marahaba, Bena. Vumbi hilo! Umetembea au umeburutwa?"

"E yetu ni D."

Magitaa yalinyamaza moja moja.

"Nani kasema?"

"Sindano, dukani kwa Navneet."

"Hiyo sindano ilikuwa wapi tulipopiga harusi mia mbili?"

Elifuraha alicheka. "Kwa hiyo dada, tangu nije nafikiri napiga E?"

"Wewe piga, usifikiri," alisema Aristides.

Bernadetha alieleza yote, unene wa nyuzi, fomu, saa kumi na mbili. Aliomba bendi ikaze. Nyuzi sasa zilikuwapo, alisema, na kukaza magitaa matatu ni kazi ya nusu saa.

"Na koo langu utalikaza kwa koleo gani? Nina miaka hamsini na mitatu. Ukinipandisha toni nzima nitaimba kama jogoo aliyekanyagwa. Waandikie D. Kifaa chako kitufuate sisi, si sisi tukifuate."

Lilikuwa jibu la haki, naye aliliona hivyo. Alitoa fomu, akatafuta pa kuiwekea. Juu ya spika palikuwa na mashati mapya ya kitenge, ya Krismasi, yamekunjwa. Alipoyasogeza aliyahesabu bila kukusudia. Yalikuwa sita. Kisha akahesabu watu: Aristides, Elifuraha na wengine wanne.

"Meku, nikirudi tutakuwa wangapi?"

Aristides aligusa uzi wa besi, akauzima kwa kiganja. "Hilo tutaliona Krismasi."

"Mashati ni sita."

"Kitambaa kilitosha sita."

"Fundi alipewa vipimo vya nani?"

Elifuraha aliinamia gitaa, akawa anazungusha kifunguo ambacho hakikuhitaji kuzungushwa.

"Usilichukulie hivyo, mama," alisema Aristides, kwa sauti ya chini sasa. "Huyu amefanya kazi misimu miwili. Nimwambie nini? Wewe ukija na kifaa chako tutakaa, tutazungumza."

"Asante, meku. Nimekusikia."

Alirudi mjini haraka kuliko alivyokuja. Alipita barabara ya kuingilia dukani bila kuiona, ikambidi arudi nyuma. Kichwani aliendelea kupanga: ikiwa D, ala ingelingana na bendi moja duniani, na bendi hiyo ilikuwa imeshashona mashati. Ikiwa E, ingelingana na kinanda cha parokia, na kila kinanda kilichokuwa kwenye rafu za Navneet, na mtu yeyote atakayemwita. Na asipoitwa, mikono miwili ilikuwa na besi yake na solo yake. Mfongo Jazz ingebaki ilipo. Wimbo hata mmoja wa miaka kumi na mmoja asingeweza kuupiga nao tena. Aliupanga mpango huo mara tatu, na kila mara ulitoka vilevile, wala hakuupenda.

Navneet alikuwa anafunga dirisha moja. "D au E?"

"E."

"Aristides amekubali kukaza?"

"Hapana."

Navneet alimtazama, akampa kalamu. Bernadetha alizikoleza kwa wino herufi za penseli za kisanduku cha tatu, moja baada ya nyingine, akazihakiki zote kumi kwa kinanda. Kalamu aliishika kati ya vidole viwili vya kulia, na mwandiko ukaenda upande.

"Wataweza kusoma?"

"Isome wewe, kwa sauti."

Navneet alisoma. Hakukosea hata moja.

Saa kumi na moja na dakika ishirini laini ilikuwa na shughuli. Saa kumi na moja na dakika thelathini na tano iliunganishwa ikakatika. Bernadetha alizunguka kaunta, akarudi, akazunguka tena.

"Kaa basi, dada. Unaniumiza shingo."

"Piga tena."

Saa kumi na moja na dakika hamsini laini ilikuwa bado na shughuli. Navneet alibonyeza namba upya, polepole, akizitamka. Saa kumi na mbili kasoro dakika tatu mashine ilianza kuvuta karatasi. Ilisita katikati, ikaendelea, ikaitoa upande wa pili. Saa kumi na mbili kasoro dakika moja ilichapa kikaratasi: ukurasa mmoja, umepokelewa.