Nafasi ya Unene wa Sarafu

Kwa miaka arobaini nimesifiwa kwa jambo moja: nikiunganisha mbao mbili, hata unywele haupiti. Kwa hiyo binti yangu alipokuja kukagua sakafu ya bafu jipya, nilisimama mlangoni, mikono nyuma, nikisubiri sifa zangu.

Bafu lenyewe ni chumba kidogo cha ghorofani, ubavuni mwa chumba chetu cha kulala. Mke wangu alifanyiwa upasuaji wa goti, na ngazi za kushukia bafu la chini zikamshinda. Mwezi wa pili sasa alikuwa anaoga kwenye beseni, na kila asubuhi alilitukana beseni hilo kwa jina jipya. Binti yetu ni fundi wa vigae. Alikuwa na siku tatu tu kabla ya kwenda kwenye kazi ya mbali ya miezi miwili. Tulipatana mimi niandae sakafu na kuta za plaiwudi, yeye abandike vigae.

Alipiga magoti, akapitisha ukucha kwenye kiungio.

"Baba, umezibana."

"Ahsante, mwanangu."

"Sijakusifu. Plaiwudi ikipata unyevu inatanuka. Itatanukia wapi? Vipande vitasukumana, vigae viinuke. Acha nafasi kila kiungio, unene wa sarafu."

"Niache pengo? Mimi? Nilikuwa naunganisha mbao wewe ukinyonya kidole!"

"Ndiyo, na nilikuwa nakutazama."

"Kitabu changu cha shule ya usiku kinasema..."

"Kinasema nini kuhusu vigae?"

Hakisemi kitu.

"Mimi juu ya hii sibandiki," alisema, akakaa juu ya boksi la vigae. Nami nikakaa juu ya boksi la pili. Tukatazamana kama paka wawili ukutani.

"Profesa!" mke wangu aliita kutoka kitandani. Ndivyo anavyoniita tangu nipate cheti changu cha shule ya usiku nikiwa na miaka hamsini na mitatu. "Mlango wa chumba hiki ametengeneza nani?"

"Mimi. Unajua."

"Mbona pembeni mwake naona mwanga?"

"Mama watoto, mlango lazima uachiwe nafasi. Msimu wa mvua mbao zinavimba, bila nafasi mlango ungekwama..."

Binti yangu alikuwa anatazama dari huku anauma midomo.

"Endelea," mke wangu alisema. "Darasa linasikiliza."

Nikaenda kuchukua msumeno.

Kukata kazi yangu mwenyewe kuliniuma, sitaficha. Lakini pengo nalo lina ufundi wake. Nililaza rula ndefu ya chuma, nikakata taratibu, na sarafu ikateleza kutoka ukuta hadi ukuta bila kukwama popote.

"Pengo zuri kuliko yote niliyowahi kuona," alisema binti yangu, na hakuwa anatania.

Tukaongeza skrubu, tukazamisha vichwa vyake, tukapiga msasa. Kisha akaweka glasi ya maji katikati ya sakafu, kupima kama bado inacheza.

"Ruka, Baba."

Nikaruka. Maji yakatikisika kidogo, yakatulia. Akaruka yeye. Mke wangu akaja na fimbo yake kuuliza nani anabomoa nyumba, akagonga sakafu mara tatu kama hakimu. "Imepita!"

Tukajaza mapengo kwa silikoni inayonyumbulika, tukafuta vumbi, tukapaka rangi ya kuzuia maji sakafuni na ukutani, mkono wa kwanza na wa pili. Kesho yake alibandika vigae, na siku ya tatu akaondoka, kucha zake zikiwa bado na saruji.

Siku mbili baadaye akapiga simu.

"Mama anaendeleaje?"

Niliisogeza simu kwenye mlango mpya wa bafu. Ndani, maji yalikuwa yanamwagika na mama yake anaimba kwa sauti ya juu, anarudia kibwagizo anachokipenda.

"Baba! Namsikia kila neno!"

"Ni ile nafasi chini ya mlango," nikamwambia. "Nimeiacha mwenyewe. Unene wa sarafu tatu."