Mazishi kwa Tiketi

Masikio yangu hayakuniaga. Meno yaliniaga, yakaondoka moja moja kwa adabu, kama wageni wanaoona chakula kimekwisha. Magoti yaliniaga kwa kelele. Lakini masikio yalitoroka kimya kimya, nami sikuona sababu ya kutangaza mtaani kwamba nimetorokwa uzeeni.

Kazini hayakunisumbua. Mimi ni fundi cherehani. Mteja akiingia, akashika kiuno cha sketi na kukunja uso, kuna haja gani ya kusikia? Namwambia, "Sketi haijapungua, mwanangu, ni wewe uliyeongezeka." Anacheka, nami nafumua mshono. Watu wakicheka hawaulizi maswali.

Nyumbani tuko wanawake watatu. Binti yangu anapiga pasi mashuka ya hospitali, kwenye chumba chenye mashine zinazonguruma kutwa, kwa hiyo amezoea kupayuka hata akiomba chumvi. Huyo namsikia. Majirani nao wanamsikia. Wa tatu ni mjukuu wangu, mtoto wa huyo mpayukaji. Mimi namwita mke mwenza, naye ananiita hivyo hivyo, maana sote tuliolewa na babu yake, mimi kwa ndoa, yeye kwa utani. Mume wetu alishatangulia. Alituachia cherehani moja, na mpaka leo tunaigombania.

Shida ilikuwa kwa mke mwenza. Ana sauti nyembamba kama uzi wa hariri, na sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuniacha. Tangu utoto wake, kila jioni huketi kwenye kigoda kando ya cherehani akasema, "Sikiliza hii." Anaimba, mimi naacha kukanyaga, nashika kidevu, kisha natoa hukumu: "Hapo katikati umeteleza, rudia." Au, "Hapo usiguse." Hukumu ikishatoka haina rufaa. Sasa zaidi ya mwaka mzima hakimu alikuwa haisikii kesi.

Ningemwambiaje? Siku aliyokwenda kujaribiwa ili awe mwitikiaji wa yule mwanamuziki wanayemwita Radi, aliniimbia mlangoni akauliza abadilishe nini. Nikamwambia asibadilishe hata pumzi. Akaenda, akachukuliwa. Alirudi akanikumbatia mpaka mbavu zikalia, akasema, "Ni sikio lako, mke mwenza." Hilo nilisikia, maana alilisemea shingoni mwangu. Basi nimwambie mtoto kama huyo kwamba sikio lenyewe halikuwapo? Nikajitia hamnazo.

Mwanzoni mwa wiki ile akaingia mbio, mikono juu, nami nilikuwa naweka zipu. Akasema kitu kirefu. Nilichokipata ni, "Bibi, Jumamosi kuna mazishi makubwa. Radi! Nami nitaimba!"

Nikaweka mkasi chini. "Masikini! Aliugua?"

"Koo, mwaka jana," akasema, akishika shingo yake. "Watu walishamkatia tamaa."

"Na watu watakuwa wengi?"

"Uwanja mzima! Nimewapatia tiketi wewe na mama. Nyingine zote zimeisha."

Neno tiketi nililisikia vizuri kabisa. Nikasema moyoni, dunia imekwisha, siku hizi hata kuzika ni kwa tiketi. Lakini kama marehemu anazikwa uwanjani, lazima wapange watu namna fulani.

"Nivae nini?" nikauliza.

Nikamwona anafikiri, kisha akatabasamu. "Vaa cha kufaa, Bibi."

Nikaona mtoto ana adabu. Nina gauni langu jeusi, la mikono mirefu, nililolishona kwa ajili ya mume wetu. Usiku ule nililegeza kiuno. Gauni halikuwa limepungua.

Wiki nzima tukapanga safari, na kila mtu alipanga yake. Binti yangu alipayuka, "Mama, Jumamosi tutoke mapema, foleni itakuwa ndefu!" Nikasema ndiyo, watu wanataka kumwona kwa mara ya mwisho. Akaniangalia. "Labda kweli," akasema, "umri wake nao umekwenda." Akapayuka tena, "Beba kitu cha kujifunika, kutakuwa na baridi!" Nikatoa khanga mbili. "Na beba maji, watu huzimia!" Nikaona sawa, msibani watu huzimia. Kila alilosema liliingia kwenye msiba wangu kama mkono kwenye mfuko.

Jirani yetu muuza mkaa aliniuliza kwa ishara, kutoka ng'ambo ya barabara, mbona natengeneza gauni jeusi. Nikamwambia Radi amefariki. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Baadaye nilikuja kujua kwamba alifunga genge siku ile, akalala na huzuni.

Jumamosi niliamka alfajiri nikapika wali, sufuria yangu kubwa ya alumini ikajaa hadi mdomoni. Huwezi kwenda kwa wafiwa mikono mitupu, tena wafiwa wa uwanja mzima. Nikaifunga kwa khanga, mfuniko ukabaki juu unameta. Nikavaa gauni langu, nikaketi kitini, nikatengeneza uso.

Mke mwenza akatoka chumbani. Alikuwa amevaa nguo yenye vipande vinavyometameta kama samaki aliyetoka majini sasa hivi. Aliponiona akasimama.

"Bibi," akasema, na sasa alikuwa mbele yangu, nikayaona maneno mdomoni, "mbona umevaa hivyo?"

"Na wewe mbona umevaa hivyo? Ndivyo mnavyozika siku hizi?"

"Tunamzika nani?"

"Radi."

Binti yangu alikuwa anafunga viatu. Alianguka chini kwa kicheko, kiatu kimoja mkononi. "Muziki, Mama! Muziki! Siyo mazishi!" Akalia kwa kucheka, akapiga sakafu. "Na wali amepika!"

Mimi pia nikaanza kucheka, ndiyo silaha yangu. Nikasema, "Basi kama hajafa, atakula." Lakini mke mwenza hakucheka. Binti yangu alipomwona, naye akanyamaza kama redio iliyochomolewa.

"Nilikwambia uvae cha kung'aa," mke mwenza akasema polepole. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini hunisikii?"

Nilitafuta mzaha. Nilipekua kichwa chote kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Haukuwapo hata mmoja.

"Tangu kabla ya mvua za mwaka jana," nikasema.

"Kwa hiyo siku ile mlangoni? Hata pumzi nisibadilishe?"

"Siku ile pia."

"Ulikuwa unanidanganya."

"Sikukudanganya. Nilikuwa nakutazama mabega." Nikasimama, magoti yakapiga kelele zake. "Mke mwenza, mimi nimekupima mabega tangu sare yako ya kwanza ya shule. Ukiimba kwa hofu yanapanda, shingo inapotea. Wimbo ukikukaa, yanashuka yenyewe. Siku ile mlangoni yalikuwa yameshuka. Ndicho nilichokiona, ndicho nilichokisema."

Gari lililokuja kumchukua likapiga honi. Sikulisikia, niliona tu shingo yake imegeuka. Akachukua mkoba wake. Alinitazama, midomo ikatikisika, lakini kama alisema kitu hakikunifikia. Akatoka.

"Atarudi," binti yangu akapayuka.

"Kurudi atarudi, analala wapi kwingine?" nikasema. "Swali ni kama atanikalia tena kwenye kile kigoda."

Nikataka kubaki nyumbani. Binti yangu akakataa katakata. Akasema asipotuona itakuwa nimemdanganya mara ya pili, tena atapanda pale juu akijua hana hakimu. Nikataka kubadilisha gauni, akasema gari la abiria halingoji kizee kinachojipamba. Basi nikaenda na weusi wangu, na sufuria yangu nikaikumbatia. Chakula hakitupwi kwa sababu mtu ameshindwa kufa.

Foleni ya uwanjani ilikuwa imezunguka ukuta kama mkanda kwenye tumbo la tajiri. Vijana wamevaa kung'aa kote, mimi katikati yao kama tundu lililochomwa na pasi. Jua likapanda. Msichana mmoja mbele yetu akaanza kuyumba, hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi. Nikafungua mfuniko.

"Shika, mwanangu. Nawa kwa haya maji."

"Bibi, umebeba wali kwenye muziki?"

"Nilikuja kuzika. Kula."

Basi na mwenzake akala, na mwenzake wa mwenzake. Binti yangu akawa anawagawia viganjani, anapayuka, "Msisukumane, ni wa msiba huu!" Tulipofika langoni wali ulikuwa umekwisha, na nilikuwa na wajukuu wapya foleni nzima.

Langoni mlinzi mwanamke, kizibao cha manjano, akaitazama sufuria, akanitazama mimi. Nilijua sasa naambiwa niiache. Badala yake akainama usoni pangu, akasema kwa midomo mikubwa, taratibu, kama mtu aliyefundishwa, "Wewe ndiye mke mwenza?"

"Ndimi."

"Nimeambiwa nimtafute bibi mwenye gauni jeusi na sufuria. Tiketi zenu ni za kule juu, mjukuu wako alisema awali hupendi kelele. Sasa ameomba mkae mbele ya spika. Pale kila mtu anapakimbia."

"Amesema kingine?"

Akatikisa kichwa. Lakini nilitembea nyuma ya kile kizibao nikiwa mwepesi. Mtu aliyekununia kabisa hakutafutii pa kukaa.

Spika ilikuwa kubwa kama kabati la bwana harusi. Binti yangu alijaza vitambaa masikioni mwake, mimi sikuhitaji. Nilipakata sufuria tupu magotini. Jua likazama, taa zikawaka, na muziki ukaanza.

Ngoma niliipata. Aliyekufa tu ndiye asingeipata. Ilipanda kutoka kwenye saruji, ikapita kwenye nyayo, ikanigonga kifuani kama mtu mwenye haraka. Radi akatoka, mzima kabisa, anarukaruka, nikamwomba radhi kimoyomoyo. Na nyuma yake, waitikiaji watatu, na wa pembeni ni wangu.

Walimwonyesha kwenye kioo kikubwa kilichotundikwa juu ya jukwaa. Mabega yalikuwa masikioni. Shingo hakuna. Alikuwa anaimba, lakini anaimba kama mtu aliyefungiwa mlango, na macho yake yanatafuta, yanapita juu ya vichwa vyote vile, hayaoni kitu.

Binti yangu akanishika mkono, na nikaona kwamba amemwona kama mimi.

Nikasimama juu ya kiti. Binti yangu alinikamata gauni, nadhani alipayuka, safari hii hata yeye sikumsikia. Gauni jeusi gizani halionekani, huo ndio ubaya wa kuvaa cha kufaa. Nikautwaa mfuniko, nikaunyanyua juu kwa mikono miwili. Taa zao zikaudaka. Ukawaka kama mwezi. Nikaugeuza huku, nikaugeuza kule, mpaka mwanga wake ukamgusa usoni.

Akaniona.

Nikampa binti yangu mfuniko. Nikaweka viganja juu ya mabega yangu mwenyewe, nikayabonyeza chini, polepole, kama ninavyofanya ninapomjaribisha nguo. Alisimama vile vile kidogo. Kisha nikaona bega la kushoto linashuka. La kulia likalifuata. Shingo yake ikatoka, ndefu, shingo ya babu yake, na mdomo ukafunguka.

Niliketi nikaikumbatia sufuria. Sitasema nilisikia maneno, nitakuwa mwongo, na uongo nilishauacha asubuhi. Lakini ngoma zilipotulia, wakamwachia yeye peke yake kipande kidogo, ile alumini ikaanza kutetemeka. Si kwa kishindo kama cha ngoma. Ilitetemeka kwa wembamba, kama cherehani inapopita kwenye hariri. Ikaingia viganjani, ikapanda mikononi, ikafika. Nilimjua. Ningemjua popote.

Walipomaliza, na watu wanamiminika nje, alikuja mbio akikanyaga mikebe na makaratasi, nguo inametameta, jasho limeharibu rangi zote za uso. Hakumsalimu mama yake. Alipangusa saruji kwa mkono, akaketi chini miguuni pangu, chini kabisa, kama kwenye kigoda. Nikainama, akaweka mdomo kwenye shingo yangu.

"Mke mwenza. Nimeimbaje?"

"Mwanzoni mabega yalikuwa masikioni. Aibu tupu."

"Na baadaye?"

"Baadaye sufuria ililia."

Akajitenga ili nimwone mdomo. "Sufuria tu?"

"Sufuria tu."

Akanipangusa shavu kwa kidole gumba, akanionyesha kidole chenyewe. "Na hii?"

"Mvuke wa wali," nikasema.

"Wali uliisha langoni, Mama!" binti yangu akapayuka nyuma yetu, uwanja mzima ukasikia.