Shavu Lililogoma

Madaktari walinikata nyama ya paja, wakaishona kwenye shavu langu lililopooza na kuiunganisha na mshipa wa fahamu wa kutafunia. "Mshipa ukishaota, uma meno, utatabasamu," wakaniambia. Basi mvua zilianza zikaisha, mimi nauma meno tu: sokoni, kanisani, kitandani, mpaka mume wangu akauliza kama nataka kumla. Kioo hakikutoka mkononi. Shavu kimya.

Jumapili moja nilikuwa natwanga fufu ya muhogo na ndizi, wifi yangu Dufie ameketi anaigeuza kinuni, mkono wake ukiingia na kutoka kati ya mapigo ya mchi wangu. Mdomo wake nao haukupumzika.

"Abrafi, sasa kaka yangu akikubusu shavu, si anabusu paja?"

Nikatwanga.

"Na faida yenyewe iko wapi? Ucheke, unune, upande huo ni uleule, kama duka lililofungwa."

Hapo nikasaga meno. Mchi ulikuwa juu, na Mungu ndiye ajuaye ningeushushia wapi.

Dufie akachomoa mkono, akanitumbulia macho. "We! Shavu limepanda! Unatabasamu!"

"Nina hasira, mjinga wewe!"

"Hasira unayo, lakini unatabasamu!"

Machozi yalikuwa yanamtoka. Akayafuta kwa bega, maana mikono ilijaa fufu, kisha akasogeza kigoda chake karibu.

"Haya, simama hapo hapo, wifi, nikutukane tena."